Swali Moja, Njia Tatu

Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hii ni ya kale na ina manufaa yake. Mtu ambaye leo hulima, kesho huvua na keshokutwa hufungua duka, aghalabu hana mavuno, hana samaki wala hana fedha. Mimi nami, kwa kuwa ni mwalimu, nimeitumia methali hii mara nyingi kuwaonya vijana. Lakini methali ni kama dawa: humfaa mwenye ugonjwa wake, na humdhuru asiyekuwa nao. Katika insha hii nataka tupime pamoja swali moja, msomaji wangu. Je, mtu anayeiacha elimu moja akaingia nyingine, kisha akaingia ya tatu, ni kigeugeu? Au yawezekana kwamba ni mwaminifu kuliko wenziwe waliokaa mahali pamoja?

Swali hili halikunijia kwa bahati, ni deni. Miaka michache iliyopita nilifundisha hisabati katika kidato cha pili. Darasani mlikuwa na msichana mmoja mtulivu. Kila nilipotoa swali la jiometri, wenzake walianza kuandika hatua. Yeye alianza kuchora. Alichora polepole, akaligeuza daftari huku na huku, na mara nyingi alilijua jibu kabla ya mwenziwe yeyote. Walakini daftari lake lilikuwa na picha nyingi na maneno machache. Siku moja nililiinua daftari lile mbele ya darasa nikasema, “Picha si hoja.” Wenzake wakacheka. Ulipofika wakati wa kuchagua masomo, alinijia akitaka kuchukua somo la uchoraji pamoja na masomo ya sayansi. Nikamtajia methali ya mshika mbili. Akaniuliza kwa adabu, “Je, Mwalimu, ikiwa hayo mawili ni kitu kimoja?” Sikuwa na jibu, na kwa kuficha kwamba sikuwa nalo nilimwambia arudi darasani. Aliacha kuchora. Jibu langu analidai mpaka leo.

Nilianza kulipata jibu hilo niliposoma habari za maisha ya mtaalamu mmoja aliyezaliwa katika bara letu la Afrika. Jina lake ni Aaron Sloman. Alizaliwa mwaka 1936 katika mji wa Que Que, Rhodesia ya Kusini. Nchi hiyo leo ni Zimbabwe, na mji wenyewe huitwa Kwekwe. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia huko kutoka Lithuania. Alisoma shule katika Cape Town, Afrika Kusini, na mwaka 1956 akapata shahada ya hisabati na fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Haki yataka tukumbuke kwamba katika nchi hizo, siku zile, mlango wa elimu haukufunguliwa sawasawa kwa watoto wa kila rangi. Vijana wengi wenye akili kama yake walibaki nje. Yeye alipita, na alipokwisha kupita hakulala mlangoni. Alipata msaada wa masomo akasafiri kwenda Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, na huko akajifunza mantiki ya hisabati kwa muda, chini ya Hao Wang, mtaalamu mashuhuri wa elimu hiyo aliyezaliwa China.

Mantiki ni elimu ya kupima kama neno moja lafuata kwa haki kutoka katika maneno mengine. Nikikuambia kwamba wavuvi wote wa kijiji fulani wajua kuogelea, na kwamba Juma ni mvuvi wa kijiji hicho, huna haja ya kumfuata Juma majini. Umekwisha kujua kwamba Juma ajua kuogelea. Aristotle wa Uyunani alizipanga hoja za namna hii zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo. Mwaka 1854 Mwingereza George Boole aliandika kitabu kilichozigeuza hoja kuwa hesabu za alama, na mwaka 1879 Mjerumani Gottlob Frege akaziundia lugha kamili ya alama. Sasa tazama jambo la ajabu katika elimu hii: haina haja ya macho. Mwenye macho na kipofu, mchana au gizani, huifanya sawasawa. Hiyo ndiyo nguvu yake, na kama tutakavyoona, huo ndio mpaka wake pia.

Sloman alipokuwa Oxford alikuta ugomvi wa zamani. Wanafalsafa wengi aliowakuta waliamini kwamba ujuzi wetu ni wa namna mbili tu. Namna ya kwanza ni ule tunaoupata kwa kufungua maana za maneno, kama kujua kwamba kila mjane alifiwa na mume. Namna ya pili ni ule tunaoupata kwa kutazama mambo ya dunia, kama kujua kwamba mvua za masika hunyesha mwezi wa Aprili. Lakini Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, alikuwa amesema katika kitabu chake cha mwaka 1781 kwamba iko namna ya tatu, na kwamba hisabati ni ya namna hiyo. Hisabati hutuambia mambo mapya ambayo hayamo katika maana za maneno, na juu ya hayo hutuambia mambo ambayo hayana budi kuwa hivyo, si mambo yanayotokea kuwa hivyo tu. Wengi walidhani kwamba Kant alikwisha kushindwa zamani. Sloman, ambaye alikuwa amezifanya hisabati kwa mikono yake mwenyewe, aliona kwamba Kant alisema kweli. Basi akaiweka kando hisabati akaingia falsafa ili amtetee, na mwaka 1962 akapata shahada ya udaktari kwa utetezi huo.

Ili usinisadiki bure, chukua kete za bao uzipange mezani. Weka kete 1. Hiyo ni mraba mdogo. Sasa ongeza kete 3 kuizunguka pande mbili na pembeni. Umepata mraba wenye kete 4. Ongeza 5 kwa namna ile ile. Umepata mraba wenye kete 9. Ongeza 7; umepata 16. Namba ulizoongeza ni 1, 3, 5 na 7, yaani namba witiri kwa mfululizo, na kila mara umepata mraba. Je, itakuwa hivyo siku zote? Usihesabu, tazama. Kuukuza mraba kwa hatua moja wahitaji safu ya kete upande mmoja, safu nyingine iliyo sawa nayo upande wa pili, na kete moja ya kuziba pembe. Safu mbili zilizo sawa na kete moja ya zaidi haziwezi kuwa kitu kingine ila namba witiri, nayo huzidi kwa mbili kila mraba unapokua. Basi itakuwa hivyo hata kwa mraba wenye kete milioni, ambao hakuna mtu aliyewahi kuupanga. Hukulijua jambo hili kwa kufungua kamusi, wala hukulijua kwa kupanga miraba yote ya dunia. Umeliona. Nami nilikuwa mwalimu aliyesema kwamba picha si hoja!

Mtu mwingine angaliridhika hapo. Sloman alikwisha kupata shahada kubwa, akafundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Hull tangu mwaka 1962 hata 1964, kisha katika Chuo Kikuu cha Sussex. Angaliweza kuandika vitabu vya kumtetea Kant mpaka uzeeni, na watu wangalimheshimu. Lakini lilikuwako jambo ambalo falsafa peke yake haikuweza kumpa. Mwanafalsafa akisema kwamba akili “huona” ukweli wa hisabati, ametaja neno, hajatoa maelezo. Huona kwa nini? Akili haina mboni. Ni kitu gani kinachotendeka ndani ya mtu anapotazama kete 9 akajua habari za kete milioni? Neno zuri laweza kuwa pazia mbele ya dirisha: hulipamba dirisha, na huzuia mwanga.

Karibu na mwaka 1969 alifika Sussex mtu aitwaye Max Clowes, na kazi yake ilikuwa kuzifundisha kompyuta kufasiri picha. Fikiri jinsi jambo hili lilivyokuwa. Sloman alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 30, mwalimu wa chuo kikuu, mwenye udaktari. Kompyuta za siku zile zilikuwa mashine kubwa na nzito, na wanafalsafa wengi waliziona kuwa mambo ya mafundi. Angaliweza kusema, “Hiyo si kazi yangu.” Badala yake alikaa chini ya mwenziwe akajifunza. Mtu mzima anayekubali kuwa mwanafunzi tena hulipa karo iliyo ghali kuliko fedha, maana hulipa kwa fahari yake.

Clowes alimwonyesha nini? Chora mchemraba kwa mistari, kama sanduku lililotazamwa kwa pembeni. Mchoro wako una mistari 9. Kila mstari waweza kuwa na maana mojawapo katika maana 4. Waweza kuwa ukingo uliotokeza kwetu, kama ukingo wa sanduku. Waweza kuwa mahali palipoingia ndani, kama kuta mbili zikutanapo katika chumba. Au waweza kuwa ukingo unaokificha kitu kilicho nyuma, na huu una namna mbili, kwa kuwa kilichofichwa chaweza kuwa upande huu wa mstari au upande ule. Maana 4 kwa mistari 9 hufanya tafsiri 262,144. Hata hivyo wewe ulipoutazama mchoro hukusumbuka na maelfu hayo. Uliona sanduku mara moja.

Mwaka 1971 Clowes katika Uingereza, na David Huffman katika Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walieleza jinsi hilo liwezekanavyo. Mistari hukutana katika pembe, na si kila mkutano wa maana unaowezekana katika vitu vya kweli vyenye nyuso bapa. Tena mstari ulio na maana moja katika ncha hii hauna budi kuwa na maana hiyo hiyo katika ncha ile. Kwa hiyo kila pembe huinyima jirani yake uhuru wa kusema uongo, na tafsiri zile 262,144 hupukutika hata zikabaki chache tu. Ukichora kitu kisichoweza kuwako duniani, pembe hugombana na hakuna tafsiri inayobaki. Hapo, msomaji wangu, mantiki imeingia ndani ya jicho! Elimu tuliyosema kwamba haina haja ya macho imekuwa mtumishi wa kuona.

Lakini Sloman hakuishia katika kushangaa. Katika mwaka huo huo wa 1971, kwenye mkutano wa wataalamu wa akili bandia uliofanyika London, alitoa makala yaliyowapinga wale walioamini kwamba akili yote ni mantiki ya alama. Alitofautisha njia mbili za kuyawakilisha mambo. Njia moja ni ya sentensi na alama: maneno “mto uko kaskazini ya shule” hayana kaskazini ndani yake, wala neno “mto” halitiririki. Njia ya pili ni ya ramani na michoro: katika ramani, alama ya mto imekaa kwa alama ya shule kama mto wenyewe ulivyokaa kwa shule yenyewe, na ukipitisha kidole kutoka hapa hata pale umekwisha kusafiri kabla ya kusafiri. Alisema kwamba hoja ya njia ya pili yaweza kuwa hoja ya haki, si pambo la hoja. Hakuidharau mantiki, aliikataza tu isijifanye mfalme wa nchi ambayo ni mkoa mmoja wake.

Baada ya hayo alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, mwaka 1972 hata 1973, kukaa na wataalamu wa akili bandia na kuzidi kujifunza kazi yao. Aliporudi Sussex alishirikiana na wenzake kuanzisha masomo yaliyowaweka pamoja watu wa falsafa, wa saikolojia, wa lugha na wa kompyuta, ili waulize kwa pamoja jinsi akili ijuavyo ijuayo. Elimu hiyo twaweza kuiita sayansi ya utambuzi. Mwaka 1978 alitoa kitabu juu ya mapinduzi ambayo kompyuta ingeyaleta katika falsafa, na ndani yake alieleza programu iliyoitwa POPEYE, iliyoundwa na yeye na wenzake.

Programu hiyo ilipewa picha zilizofanywa kwa vitone tu. Vitone viliunda vipande vyembamba, vipande viliunda herufi kubwa, na herufi ziliunda neno, kama neno EXIT ambalo Waingereza huliandika juu ya mlango wa kutokea. Herufi zililaliana, moja ikificha sehemu ya nyingine, na vitone vya uongo vilitiwa humo kuipoteza mashine. Programu haikungoja kumaliza vitone ndipo ianze mistari, wala haikungoja kumaliza mistari ndipo ianze herufi. Ilifanya kazi katika ngazi zote kwa wakati mmoja, na ngazi moja ikaisaidia nyingine. Dalili chache za herufi zilipotosha, ilidhani neno. Na ikisha kudhani neno, ilijua wapi pa kutafuta dalili zilizobaki. Hivyo yaweza kulitambua neno kabla haijamaliza kuzitambua herufi zake.

Hapa pana funzo la akili, na ndani yake limo funzo la maadili. Funzo la akili ni kwamba kuona si kupokea. Jicho si dirisha ambalo dunia huingilia bila kubisha hodi. Kuona ni kazi, na kazi hiyo hufanywa kwa dalili, kwa dhana na kwa mazoea. Funzo la maadili ndilo hili: kila kazi yaweza kufanywa vibaya. Tunaliona neno kabla ya kuzimaliza herufi, na aghalabu twapatia. Lakini mara nyingine twaona neno tulilolizoea, wala si neno lililoandikwa. Nami nilipolitazama daftari la yule msichana niliona uvivu, kwa sababu nilizoea kuona uvivu pasipo na maneno. Herufi zake sikuzisoma.

Hatari hii haikubaki kwa walimu peke yao. Mmoja wa vijana waliofanya utafiti Sussex katika miaka ya 1970 alikuwa Geoffrey Hinton, ambaye ni kilembwe wa yule George Boole wa mantiki, na ambaye kabla ya akili bandia alisoma saikolojia. Yeye alishika njia nyingine: mashine isifundishwe kanuni za pembe, bali ijifunze yenyewe kutoka katika mifano mingi. Mwaka 2012 yeye na wanafunzi wake wawili katika Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, walishinda shindano la kutambua picha kwa mashine iliyojifunza kutoka picha zipatazo milioni 1.2, na mwaka 2024 alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia. Lakini mashine inayojifunza kwa mifano hurithi upungufu wa mifano yake. Mwaka 2018 watafiti wawili, Joy Buolamwini mwenye asili ya Ghana na Timnit Gebru mzaliwa wa Ethiopia, walizipima programu za kampuni tatu zinazotazama uso na kusema kama ni wa mwanamume au wa mwanamke. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, programu hizo hazikukosea zaidi ya asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, iliyokosea zaidi ilifikia asilimia 34.7. Tofauti hiyo haikuonekana na wale waliotazama hesabu ya jumla tu. Ilionekana na watu waliojua hesabu na wakajua pia kuuliza: “Anayekosewa ni nani?” Anayejua mashine bila kujua haki haoni kosa, anayejua haki bila kujua mashine hawezi kulithibitisha.

Sasa na turudi katika swali letu. Mtu aweza kunipinga hivi: “Mwalimu, mtu mmoja hodari si kanuni. Kwa kila mmoja aliyevuka mipaka akafaulu, wako wengi waliovuka wakapotea.” Pingamizi hili ni la haki, nami silikimbii. Tena hata Sloman hakupatia kila jambo. Katika kitabu chake cha 1978 alionya kwa maneno makali kwamba baada ya miaka michache mwanafalsafa asiyejua habari za akili bandia angestahili kuhesabiwa hajui kazi yake. Miaka ikapita mingi, na wanafalsafa wengi waliendelea na kazi zao kama zamani. Na lile swali lake la kwanza hakulimaliza. Tangu 1991 alikuwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, na alipostaafu mwaka 2002 aliendelea kuuliza jinsi wataalamu wa kale wa jiometri walivyogundua kweli zao kabla mantiki ya alama haijabuniwa, akisema wazi kwamba mashine hazijaweza kuifanya kazi hiyo kama wao walivyoifanya.

Basi tutamjuaje mwenye kuvuka kwa haki na kigeugeu? Mimi naona mizani tatu. Kwanza, tazama kama swali limebaki lile lile. Kigeugeu huacha swali linapokuwa gumu. Mwaminifu huacha chombo kinaposhindwa na swali. Sloman alipita hisabati, mantiki, falsafa na kompyuta, lakini tangu ujana hata uzee aliuliza neno moja: akili huonaje kisichokuwa na budi kuwa kweli? Pili, tazama kama amelipa karo ya kila mlango. Anayeingia elimu mpya akitaka kiti cha mbele siku ya kwanza ni mgeni mwenye kiburi. Anayekubali kuanza chini ndiye anayestahili kukaribishwa. Tatu, tazama kama amebeba alichokipata nyuma. Sloman hakuitupa mantiki alipoingia falsafa, wala hakuitupa falsafa alipoingia kompyuta. Kila alichokijua kilikuwa taa ya chumba kilichofuata.

Ukipimwa kwa mizani hizo, msomaji wangu, na ikaonekana kwamba wakimbia tu ugumu, basi isikilize methali ya wahenga; ilisemwa kwa ajili yako. Lakini ikiwa wapenda mambo mawili, na kila usiku waona uzi unaoyaunganisha ingawa huwezi kuutaja jina, usiukate uzi huo kwa sababu mwalimu mmoja hakuuona. Mshika mbili humponyoka moja kwa kuwa mikono yake huvutwa pande mbili. Mwenye swali moja hashiki mbili. Ameshika moja kwa mikono miwili.

Kwa yule msichana, ambaye leo ni mtu mzima, jibu langu limechelewa, lakini hili hapa. Picha yaweza kuwa hoja. Si kila picha, kama vile si kila sentensi ni hoja, picha hudanganya pia, na ndiyo sababu nilipaswa kukuuliza lile ambalo sikukuuliza: “Tuonyeshe kwa nini haina budi kuwa hivyo.” Ungalinyosha kidole juu ya mchoro wako, na yamkini darasa zima lingaliona, na mwalimu wako pamoja nalo. Mimi nilikuwa na macho mawili na shahada ya ualimu, nikaona daftari lisilo na maneno. Wewe ulikuwa umekwisha kusema.